Aliyepanguza Masizi Mlingotini

Auma alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni nikingoja maziwa yachemke. Maishani tulikuwa tumeonana mara mbili tu, tena zamani, lakini alipotaja Karungu nilijua aliyefariki kabla hajamaliza sentensi. "Mama ametuacha, dada," alisema. "Mazishi ni Jumapili ya wiki ijayo. Wewe tumekuweka kwa programu." Nikamuuliza nimewekwa kufanya nini. "Utasoma ile ukurasa ya kitabu," akanijibu, "ile ya babu yetu." Maziwa yalifurika, yakazima jiko, nami nikaendelea kusimama pale nimeshika simu iliyokwisha kukatwa. Ukurasa huo naujua kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa niliupiga taipu kwa mikono yangu mwenyewe. Najua vilevile kitu ambacho hakimo ndani yake. Kwa sababu ya kitu hicho sikuwahi kukanyaga tena Karungu, na hapo naanza kusema ukweli ambao sijamwambia mtu.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1996. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, stashahada ya ufundi wa redio yenye alama za kuombea msamaha, na kazi ya mwaka mmoja kwa mhadhiri wa Nairobi niliyemwita Dakta Mbithi. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu redio katika boti za doria za ziwani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, siku ambazo Waingereza walikuwa upande huu na Wajerumani kule kusini, na meli ndogo za mvuke za kubebea pamba na ngozi zikatiwa mizinga na kuambiwa sasa ninyi ni manowari. Sura moja ilihusu antena, na sura hiyo ndiyo niliyopewa. Makubaliano yetu yalikuwa mepesi kueleza. Nikimaliza vizuri, angeniandikia barua ya pendekezo ya kuniingiza kwenye masomo ya shahada. Bila barua yake hakuna chuo ambacho kingenitazama mara mbili, na hilo alilijua yeye, nikalijua mimi, tukawa hatulisemi.

Miezi minne ya kwanza niliishi Homa Bay, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la Bwana Athumani, mtu wa Malindi aliyekuja huku kufanya biashara na kuzeekea huku. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Mwaka huo gugu maji lilikuwa limeifunika ghuba yote, hata gati lilionekana limejengwa katikati ya shamba la mboga. Nilikuwa na picha moja tu ya kufanyia kazi. Ilionyesha boti imefungwa gatini, milingoti miwili, dohani katikati, na nyaya nne nyembamba zikipita juu ya moshi kutoka mlingoti hadi mlingoti. Nilipima dohani kwa rula, nikapima mabaharia waliosimama sitahani, nikapiga hesabu ya urefu wa zile nyaya mpaka macho yakauma. Kwa kuwa ukuta wa chumba ulikuwa wa mbao, nilisikia kila neno lililosemwa dukani. "Msichana mzima, ana akili zake, anashinda kutwa anapima picha," mke wa Bwana Athumani alimwambia mumewe siku moja kwa Kiswahili chao kile cha pwani. "Mwache," mumewe akajibu. "Kuna wanaopima watu, huyu afadhali." Nilicheka peke yangu, kisha nikagundua kwamba hayo ndiyo maneno ya kwanza kunichekesha tangu nifike, na kwamba hata hayo hayakuwa yameelekezwa kwangu.

Nilikuwa mpweke kwa namna ambayo leo nikiwasimulia wanafunzi wangu hawaelewi. Dholuo, lugha ya watu wa huko, sikukijua, na hapo mjini Kiswahili kilikuwa cha kuulizia bei na kujibu askari. Watu walinisalimu vizuri, wakaniuliza nimetoka wapi, nikisema Voi wanatikisa kichwa kwa huruma, mazungumzo yanaishia hapo. Siku za posta nilivaa nguo nzuri, kwa sababu karani wa posta ndiye mtu pekee niliyekuwa na hakika ya kuzungumza naye. Barua za Dakta zilikuwa fupi na zote ziliuliza jambo moja: ncha za nyaya zilishikwa na nini? Swali hilo ndilo lililobeba sura nzima. Antena ikipita juu ya dohani hupakwa masizi, na masizi yakilowa hupitisha umeme, kwa hiyo sauti ya redio hufia mlingotini kabla haijatoka botini. Dakta aliamini walitumia vipande vya mbao vilivyochemshwa katika nta. Mimi nilisema mbao zisingedumu mwezi, lazima ilikuwa kauri, udongo mweupe wa kuchomwa usiopitisha umeme, na lazima palikuwa na mtu wa kupanda kila mara kuifuta. Lakini kwenye picha, mahali penyewe palikuwa doa la ukungu. Nilikwenda hadi Rusinga kumwona mzee aliyesemekana kuikumbuka boti hiyo, akanihadithia kwa saa mbili, kumbe alikuwa akieleza meli nyingine kabisa, ya miaka ya hamsini.

Bwana Athumani ndiye aliyenielekeza Karungu. "Kule kuna nyumba inachekwa kwa ajili ya mlingoti," aliniambia akikunja kitambaa. "Nenda, utacheka nawe." Nyumba yenyewe ilikuwa ya mjane aliyeitwa Mama Auma, mwanamke mrefu aliyekausha omena, dagaa wa ziwani, na kuwauza sokoni, Msabato wa kweli. Nilimpelekea picha, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza mizigo yangu iko wapi. Nilipomwambia nimeiacha Homa Bay, akasema, "Basi kesho uilete. Hapa iko chumba ya Auma, yeye ako college." Hivyo ndivyo nilivyohamia. Chumba kilikuwa na paa la bati, kalenda ya mwaka uliopita, na sanduku la nguo za Auma ambalo niliambiwa nisilione kama kizuizi. Dirisha lilitazama ziwa. Asubuhi ya kwanza nilikaa hapo nikilitazama mpaka uji ukapoa, naye akaja akaupasha moto tena bila kuniuliza chochote.

Nyumba ile haikuwa na majani ya chai. Mama Auma aliyaona kuwa ulevi mdogo, nami nilikuwa mtu wa vikombe vinne kwa siku. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma kama nimepigwa. Wiki ya pili nilinunua pakiti sokoni, nikaificha ndani ya soksi, nikawa nachemsha kikombe changu yeye akienda kuchota maji. Siku ya tatu alirudi mapema, akasimama mlangoni akinusa. "Hiyo harufu ni dawa?" aliuliza. Nikasema ni dawa. "Basi kunywa mpaka upone," akasema, akatoka, nami nikamsikia nje akimwambia jirani kitu kwa Dholuo na wote wawili wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza mbele ya wageni kama nimemeza dawa. Ijumaa jioni tulipika chakula cha siku mbili, ugali, samaki na mboga za mnavu zilizolazwa katika maziwa, kwa sababu Jumamosi jiko haliwashwi. Mezani alinisukumia kichwa cha samaki, sehemu ambayo nyumbani kwetu hupewa mgeni wa heshima. "Kula, nyathina," alikuwa akisema, na ingawa nilijua neno hilo maana yake ni mwanangu, ilinichukua mwezi mzima kuamini kwamba alinikusudia mimi.

Habari ya mlingoti aliniambia kidogo kidogo, tukichambua omena. Baba wa marehemu mumewe, Odero Nyagudi, alikuwa kijana wakati wa vita, akachukuliwa kufanya kazi kwenye boti ya doria. Kila wiki alipanda mlingotini na kitambaa kiunoni kupanguza masizi kwenye mawe meupe yaliyoning'inia angani, eti Wazungu wasipopanguziwa mawe hayo hawawezi kuzungumza na wenzao. Alilihadithia hilo mpaka uzeeni, na watu wakamcheka mpaka uzeeni. Mawe angani! Mtu akisema uongo sokoni aliambiwa amepanda mlingoti wa Odero. Mume wa Mama Auma alipigana mara mbili kwa sababu ya utani huo. "Hata mimi, nikiolewa hapa, wanawake waliniuliza kama nitapewa mahari ya mawe," alisema. Hakucheka alipokuwa akilisema. "Mimi sijui kama ni ukweli. Lakini yule mzee nilimpikia miaka kumi, na hakuna siku nyingine alinidanganya."

Nilimwamini Odero papo hapo, kwa sababu nilijua habari ya masizi, na asingeweza kuibuni mtu ambaye hajawahi kuiona. Lakini Dakta hakutaka imani yangu, alitaka kitu. Nikaanza kutafuta. Nilitembea ufuo wote nikiuliza habari za vyuma vya zamani, nikatazama paa za watu, nikapanda hadi kwenye dari ya kanisa ambako niliambiwa kuna mbao za meli. Popote nilipokwenda nilitazama juu. Ni ugonjwa wa watu wa kazi yangu, antena ni kitu cha juu na shingo zetu zimezoea. Nyumbani, kila asubuhi, nilimsaidia Mama Auma kutandaza omena kwenye nyavu kuukuu zilizolazwa ufuoni, na kila asubuhi niliyasukuma kwa mguu mawe yaliyofungwa kwenye ukingo wa wavu mmoja ili upepo usiupeperushe. Yalikuwa meusi kwa lami na magamba ya miaka mingi. Niliyasukuma kwa wiki saba.

Asubuhi moja baada ya mvua nilijikwaa. Kidole kikapasuka, nikakaa chini nikilia zaidi ya kilichostahili, kwa maana nadhani nilikuwa na machozi ya siku nyingi yaliyokuwa yakingoja sababu. Mama Auma alikuja na kanga akanifunga. Jiwe lililonipiga lilikuwa limegongana na mwamba na kumeguka ukingoni, na pale lilipomeguka lilikuwa jeupe, linang'aa kama meno. Nililishika. Lilikuwa na umbo la yai, na matundu mawili yanayopishana bila kukutana, waya mmoja upite huku na mwingine kule, zisigusane. Kauri za namna hiyo nilikuwa nimezichora darasani mara mia. "Mama," nilisema, "haya mawe mlitoa wapi?" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Ni ya nyavu," akasema. "Mimi nilikuta tu. Nyavu zikiisha, tunafungua, tunafunga kwa zingine." Tuliyahesabu, yakawa kumi na moja. Tukayasugua kwa mchanga na sabuni, yeye akiwa amepiga magoti kando yangu, na moja baada ya jingine yakatoka meupe. Odero alikuwa ameyabeba nyumbani boti ilipovuliwa silaha, na kwa mvuvi hakuna kitu bora cha kuuzamisha wavu kuliko jiwe kama hilo, zito, laini, halikati uzi, na tayari lina tundu.

Alilishika moja kwa mikono miwili. Kisha akalia, taratibu, bila sauti, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. "Chukua moja upeleke Nairobi," alisema mwishowe. "Hizi zingine zibaki, omena inazitaka. Lakini jina ya huyu mzee iandikwe. Odero Nyagudi. Yangu usiandike, mimi nilikuja tu kuolewa." Nikasema nitaandika. "Kwa kitabu," akasisitiza. "Ikiwa kwa kitabu hakuna mtu atacheka tena." Nikasema naapa. Hakuniomba kitu kingine mwaka ule wote, si sukari wala nauli, na nilimwapia kwa moyo wangu wote.

Dakta alifurahi sana. Aliandika barua ya kurasa tatu, ndefu kuliko zote, akaniagiza nirudi Homa Bay nikamilishe sura. Niliandika kwamba Odero Nyagudi wa Karungu ndiye aliyepanda mlingotini kila wiki kupanguza masizi, na kwamba kauri zilihifadhiwa na familia yake. Rasimu ilirudi baada ya wiki mbili. Jina lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake ameandika: baharia mmoja mwenyeji. Pembeni akaeleza kwamba jina hilo halimo katika daftari lolote la meli, kwamba kauri ni ushahidi lakini jina ni hadithi ya familia. Mwishoni, kwa mwandiko wa upole kabisa, aliongeza kwamba barua yangu ya pendekezo ameshaiandika na ataituma mara tu atakapopokea nakala safi. Hakunitisha. Hata leo siwezi kusema kwamba alinitisha. Niliazima mashine ya taipu ya Bwana Athumani, nikaiweka kwenye meza ile ya mguu mfupi. Nilipofika kwenye mstari wenyewe niliondoa mikono, nikanywa maji, nikasikiliza wateja dukani wakibishana kuhusu rangi ya leso. Ningeweza kuandika jina na kuona itakuwaje. Ningeweza kupanda basi kwenda Nairobi nikagonga mlango wake. Niliandika baharia mmoja mwenyeji, nikaendelea hadi mwisho wa ukurasa bila kosa hata moja la herufi.

Karungu sikurudi kuaga. Nilimwandikia kwamba nimeitwa haraka. Miaka miwili baadaye kitabu kilitoka, na nikafanya jambo la woga kuliko hata lile la kwanza: nilimtumia nakala, nikatia kipande cha karatasi kwenye ukurasa ule, bila barua. Kitabu ni cha Kiingereza, na Mama Auma alisoma Biblia ya Dholuo tu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka akipate na wakati huohuo asikipate. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa Auma: kitabu kimefika, tumesoma, Mungu akubariki, njoo ule samaki. Nilihitimisha kwamba hawakugundua, au kwamba Auma amesoma juujuu. Nikasoma shahada yangu, nikatunza minara ya redio ya watu kwa miaka mingi, nikafundisha. Nimeishi na watu wazuri, nimekula meza nyingi. Lakini kichwa cha samaki nilipoletewa hotelini nilikuwa nakisukuma pembeni, na rafiki zangu walidhani sikipendi.

Nilifika Karungu Jumamosi jioni, na Jumapili nikaketi chini ya hema pamoja na waombolezaji, nikikerwa na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga mluzi kwa sababu mtu alikisimamisha mbele ya spika. Nilikuwa nimeamua njiani. Ningesimama, ningesoma ukurasa kama ulivyo, kisha ningesema mbele ya wote kwamba jina lilikuwamo na mimi ndiye niliyelitoa. Auma, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na mrefu kama mama yake, alinikabidhi kitabu. Kilikuwa kimechoka sana, jalada limeshikwa kwa gundi, na ukurasa ule umekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Mchungaji alisimama kando yangu kunitafsiria kwa Dholuo. Nikawasomea nikikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, habari za dohani, masizi na kauri. Wazee wa mstari wa mbele walikuwa wameinama mbele kidogo, wanasikiliza kitu wanachokijua. Nilipofika kwenye mstari wenyewe nilitazama jeneza, na ungamo langu lote likaniishia kinywani. Nikasema, "Odero Nyagudi wa Karungu ndiye aliyepanda mlingotini kila wiki." Mchungaji akalirudia jina. Wazee wakaitikia kwa sauti ya chini, na nikakaa kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimedanganya tena, tena juu ya maiti.

Baada ya maziko Auma alinitafuta nyuma ya nyumba, ameshika sahani ya chakula. "Asante, dada," alisema. "Umesoma vile sisi husoma." Nikamuuliza wao husoma vipi. "Na jina," akasema. "Kila mtu akipewa hiyo kitabu, akifika hapo anatia jina. Mimi, watoto wangu, mchungaji, hata yule wa zamani. Wageni wote wamesomewa hivyo." Sikuweza kumtazama. Nikamuuliza kama mama yake alijua.

"Alijua siku ile kitabu ilifika. Mimi ndio nilimsomea. Nikamwambia, mama, jina haiko. Akashika hiyo ukurasa na kidole. Halafu akasema nisome tena, nitie jina, na kila mtu akisoma atie. Nikamuuliza, kwani wewe hujamkasirikia? Akasema, 'Nimekasirika sana. Lakini watu wakijua watamtukana, na yule mtoto huku hana mtu.'"

Akaniwekea sahani mikononi, akaenda kuwaaga wageni. Miaka yote ile niliishi mbali na nyumba hii nikiamini maneno hayohayo, kwamba huku sina mtu.